Stika ipo kwenye kioo, lakini bima italipa nini?

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja. Mtu analipa bima kila mwaka, trafiki akimsimamisha anaonyesha, anaruhusiwa, safari inaendelea. Kilichoandikwa ndani ya mkataba anakuja kukisoma siku gari limeshagongwa. Maswali tumeyafupisha kidogo.

Nimenunua Toyota IST kwa shilingi milioni 14. Wakala anasema nikate bima kubwa, shemeji yangu anasema bima ndogo inatosha, hiyo nyingine ni kuwatajirisha watu. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Tabata*

Ndugu yetu, shemeji ana hoja, ila haihusu gari lako.

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Inamlipa uliyemuumiza, familia ya uliyemuua, na mwenye mali uliyoiharibu, kwa kikomo kilichotajwa kwenye mkataba. Gari lako hailigusi. Wewe mwenyewe ukivunjika mguu, haikugusi pia. Abiria uliowapa lifti kwenye gari binafsi usidhani wamo: uliza, na jibu ulione kwenye karatasi. Kwa gari binafsi, ada ya bima ndogo ni shilingi 100,000, na VAT ya asilimia 18 inaifikisha 118,000.

Bima kubwa inabeba yote hayo, kisha inaongeza gari lako: ajali, moto, wizi, na kwa mikataba mingi majanga ya asili. Kiwango cha kawaida kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Milioni 14 zinakupa ada ya 490,000, VAT 88,200, jumla 578,200. Tofauti na bima ndogo ni 460,200 kwa mwaka. Kati ya hizo mbili ipo ya mtu wa tatu, moto na wizi. Mawakala wengi hawaitaji mpaka uulize, nayo inamfaa mtu anayeogopa gari kuibiwa kuliko kugonga.

Sasa jiulize: IST hii ikiteketea leo usiku, unaweza kununua nyingine bila kukopa? Kama jibu ni hapana, lipa hiyo 460,200. Hoja ya shemeji inasimama kwa gari la milioni 4 au 5. Hapo asilimia 3.5 haitumiki tena kwa sababu kuna ada ya chini kabisa ambayo kampuni haishuki chini yake, na ukipasua bampa, gharama yote inaweza kumezwa na ekses, yaani kile kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe. Unalipa bima kubwa halafu haikulipi kitu. Gari la namna hiyo likatie ndogo, na tofauti uiweke pembeni.

Kama gari ni la mkopo, mjadala umekwisha: benki itataka bima kubwa, jina lake litaandikwa kwenye mkataba, na gari likiisha kabisa fidia inaanzia benki. Wewe unapata kitakachobaki.

Noah yangu naiona ina thamani ya milioni 20. Mwaka jana nilishauriwa niandike milioni 12 ili ada ipungue. Mbona jirani kaniambia nimejichimbia kaburi?
*Mama wa watoto watatu, Mbezi*

Mama, jirani kasema kweli, na hesabu yake ni hii.

Kwa thamani ya milioni 20, ada ni 700,000 na VAT 126,000: jumla 826,000. Kwa milioni 12 ni 420,000 na VAT 75,600: jumla 495,600. Umeokoa 330,400.

Tuseme umegongwa ubavuni na matengenezo ni milioni 5. Mthamini wa kampuni akikuta gari lina thamani ya milioni 20, na mkataba una kifungu cha uwiano, kampuni itasema: umetukabidhi kumi na mbili ya ishirini, basi nasi tunabeba kumi na mbili ya ishirini ya hasara. Hiyo ni milioni 3. Ikitoka ekses, tuseme mkataba unasema asilimia 10 ya dai na isipungue 500,000, unabaki na milioni 2.5. Fundi anadai 5. Ungeandika thamani kamili ungepokea milioni 4.5. Umeokoa laki tatu na kidogo, umepoteza milioni 2. Na Noah ikiibiwa, hakuna atakayekulipa zaidi ya milioni 12.

Kuna wanaokwenda upande wa pili, wanaandika milioni 25 wakitumaini gari likifa watapata 25. Hawapati. Kampuni hulipa bei ya soko ya gari kabla tu ya ajali, na milioni ulizoandika ni kikomo tu. Zile 5 za ziada umezilipia 206,500 bure.

Thamani sahihi unaipataje? Tembelea yadi mbili au tatu uulize bei ya gari la mwaka uleule, injini ileile na kilomita zinazokaribiana, au mlipe mthamini atoe ripoti. Kosa tunalolikuta sana kwenye fomu ni la mtu aliyeagiza gari Japani: anaandika bei ya gari na meli, anasahau ushuru na kodi alizolipa bandarini, ambazo mara nyingine zinakaribia bei yenyewe. Gari ukilinunua upya hapa nchini utalinunua na kodi ndani yake, kwa hiyo nazo ziingize. Redio kubwa, rimu za kubadilisha na kamera uliyofunga baadaye viandikwe peke yake, kila kimoja na bei yake. Visipoandikwa, mkataba unalijua gari kama lilivyotoka kiwandani.

Muda wa kuhuisha ukifika usikubali wakala anakili fomu ya mwaka jana. Gari limezeeka, bei imeshuka, na wewe unaendelea kulipia bei ya zamani. Kama hukudai chochote mwaka mzima, uliza punguzo la kutodai. Halitolewi kila mahali, na pale linapotolewa mara nyingi ni mpaka ulidai.

Kurekebisha thamani katikati ya mwaka inawezekana. Andikia kampuni barua, lipa nyongeza ya ada kwa miezi iliyobaki, na usiondoke bila karatasi ya marekebisho. Kwa hali yako, fanya hivyo wiki hii.

Mvua zilipojaa Jangwani gari lilizimika kwenye maji. Nilijaribu kuwasha mara kadhaa halikuwaka. Nina bima kubwa, lakini kampuni inasema injini hailipi. Ni haki?
*Dereva, Magomeni*

Huenda wako sahihi kwa injini, na wakati huohuo wewe unawadai viti, waya na kompyuta ya gari. Tuanze na fundi kisha tuje kwa mwanasheria.

Injini inavuta hewa kupitia ea klina. Maji yakifika kimo hicho yanaingia kwenye silinda. Pistoni hupanda ili ibane hewa, ikikutana na maji haiwezi kuyabana, na konrodi, yaani mkono unaoisukuma pistoni, ndiyo inayopinda. Gari lililozamishwa likiwa limezimwa kwa kawaida haliwi na konrodi iliyopinda, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinazunguka. Asesa, yaani mkaguzi wa hasara wa kampuni, akifungua injini akaikuta konrodi imepinda, anajua ama uliendelea kuendesha ndani ya maji, ama ulipiga stata baadaye. Hapo kampuni inagawa hasara mara mbili: ya mafuriko, ambayo mkataba unaibeba, na iliyosababishwa na kulazimisha kuwasha, ambayo wataiita uzembe au hitilafu ya mitambo.

La kufanya kwako: omba ripoti ya asesa kwa maandishi, na uone kama imetenganisha hasara hizo mbili. Ikiwa injini ilizima palepale maji yalipoingia, huenda konrodi ilipinda kabla hujagusa ufunguo tena. Fundi huru anaweza kulitolea maelezo, na ndiyo hoja yako kubwa. Kama wamekataa dai zima kwa sababu ya injini, wamezidi.

Kwa wengine ambao mvua bado haijawafika. Gari likizimika majini, usipige stata hata mara moja. Piga picha ikionyesha maji yamefika wapi, ndani na nje. Ukiweza kulifikia betri bila hatari, toa waya wa hasi. Ita gari la kubeba, lisivutwe kwa kamba, hasa kama ni otomatiki. Kabla ya kitu chochote chomoa kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na injini ifunguliwe na fundi mbele ya asesa. Usifumue viti wala kuosha kapeti kabla asesa hajaja. Ndivyo ushahidi mwingi unavyopotea, kwa nia njema kabisa.

Na kabla ya kulipa ada, hakikisha neno mafuriko limo. Kampuni nyingine huliweka ndani ya bima kubwa, nyingine huliuza kama nyongeza.

Gari langu lina namba ya njano na bima kubwa ya binafsi. Jioni nabeba abiria wa programu za simu ili kujazia mafuta. Kuna tatizo?
*Msomaji, Sinza*

Lipo, tena kubwa. Njano ni gari binafsi, nyeupe ni gari la biashara, na bima inafuata matumizi yaliyoandikwa kwenye fomu. Ajali ikitokea ukiwa na abiria anayelipa, dai la gari lako litakataliwa, na swali la kwanza la mpelelezi wa kampuni kwa abiria ni alipanda vipi. Simu yake ina risiti ya safari.

Leseni nayo ina madaraja. Daraja B halikuruhusu kubeba abiria wa kulipa, na dereva asiye na daraja linalotakiwa ni sababu ya pili ya kukataliwa. Badilisha usajili, badilisha daraja, kisha kata bima ya biashara. Ada yake ni kubwa zaidi na huhesabu hata idadi ya viti, kwa kuwa gari la biashara liko barabarani kutwa.

Hali ni hiyohiyo kwa anayemwazima kijana wa jirani gari aende nalo harusini. Angalia kwanza mkataba unaruhusu nani aendeshe. Baadhi huongeza ekses kwa dereva mwenye umri mdogo au mwenye leseni mpya, na ukiwa hujui hilo utalijua ofisini kwao.

Nimenunua gari kwa mtu, stika ina miezi saba mbele. Nisubiri iishe?
*Msomaji, Morogoro*

Usisubiri. Bima ni mkataba kati ya kampuni na yule aliyekuuzia, haihamii kwako pamoja na ufunguo. Hamisha umiliki TRA, kisha ama kampuni ileile ikubali kwa maandishi kukuandika wewe, ama ukate mpya kwa jina lako. Muuzaji ana haki ya kuomba arudishiwe ada ya miezi iliyobaki, ingawa kampuni nyingi hukata zaidi ya hesabu ya miezi.

Na hiyo stika iangalie kama ni halali. Mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, unakuruhusu kuingiza namba ya gari na kuona kampuni, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Fanya hivyo hata kwa bima uliyoikata mwenyewe, palepale mezani kwa wakala kabla hujaondoka. Ukikuta umeandikiwa bima ndogo na ulilipia kubwa, ni rahisi kurekebisha siku hiyo kuliko siku ya ajali. Ukiahidiwa kulipa kidogokidogo, kumbuka msimamo wa sheria yetu: hakuna ada, hakuna bima.

Nikigongana na mtu, tukamalizane kienyeji au niite trafiki? Na karatasi gani zinatakiwa?
*Dereva wa Kirikuu, Mwanza*

Mkwaruzo wa rangi usiozidi ekses yako, malizaneni. Lakini andikeni karatasi yenye namba za magari, tarehe, kiasi kilicholipwa na saini zenu. Mtu akiwa ameumia, hata kidogo, ita polisi. Kichwa kilichogonga dashibodi kinaweza kuuma kesho, na yule uliyempa elfu hamsini akarudi na wakili.

Barabarani: usikubali kosa na usiahidi kulipa. Mikataba ya bima inakukataza, kwa sababu ahadi yako inaifunga kampuni. Piga picha za magari yakiwa bado yalipogongania, alama za breki, namba, stika ya mwenzako, na mtaa kwa upana wake. Majeruhi apelekwe hospitali na fomu ya polisi ya PF3. Kampuni ipewe taarifa mapema. Mikataba mingi inataka saa 24 hadi 48, na simu uifuatishie ujumbe wa maandishi ili ubaki na ushahidi.

Faili la dai kwa kawaida linakuwa na fomu ya dai, nakala ya leseni ya dereva, kadi ya gari, kava noti (hati ya bima), ripoti ya polisi pamoja na mchoro wa ajali na ukaguzi wa gari, na makadirio ya matengenezo kutoka gereji mbili au tatu. Gereji isifungue kitu kabla ya asesa. Makadirio ya gereji yataje kila kipuri, bei yake na ufundi peke yake. Karatasi yenye mstari mmoja, "kunyoosha na rangi milioni 3", itarudishwa.

Tegemea mvutano kwenye vipuri. Kampuni inaweza kukadiria taa iliyotumika ya Ilala, wewe unataka mpya. Ikikubali mpya kwa gari la miaka kumi na tano, inaweza kukutaka uchangie tofauti ya uchakavu. Muulize asesa aandike ametumia bei ya wapi.

Naenda na gari langu Nairobi kisha Kampala. Bima yangu ya Moshi inatosha?
*Msomaji, Moshi*

Haitoshi. Omba kampuni yako kadi ya njano ya COMESA. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo, sawa na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi. Kadi inalipa madai ya mtu wa tatu kwa sheria ya nchi uliyoko, na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Msumbiji haimo, huko utakata bima mpakani. Kadi hailipi bati la gari lako. Kwa hilo, bima kubwa ipanuliwe mipaka yake kwa maandishi kabla hujavuka Namanga.

Nimeletewa kotesheni ya bima Mombasa, imejaa vifupisho. Vipi ni vya lazima?
*Msomaji, Likoni*

Kwa gari la KSh 1,000,000 na kiwango cha asilimia 4, ada ni 40,000. Ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2 ni 80, mfuko wa fidia kwa wenye bima wa asilimia 0.25 ni 100, na stempu ni 40. Jumla 40,220. Hizo tatu huwezi kuzikwepa. PVT, ya ghasia za kisiasa na ugaidi, na kinga ya ekses ni hiari. Kinga ya ekses tunaipendekeza kwa anayeendesha mjini kila siku, maana ndiyo itakayokulipia kile kiasi cha kwanza bampa ikipasuka kivukoni. Na ukichukua bima ndogo, fahamu kuwa chini ya sheria ya Kenya ya bima ya magari, Cap 405, kikomo kwa mtu mmoja aliyeumia ni KSh 3,000,000. Mahakama ikitoa zaidi, ziada inakufuata wewe.

Kampuni imeniletea karatasi nisaini nipokee milioni 6. Nadai 9. Nikisaini naweza kudai iliyobaki?
*Msomaji, Dodoma*

Soma sentensi ya mwisho ya karatasi hiyo. Ikisema malipo ni "kamili na ya mwisho", ukisaini dai limekufa. Usiisaini. Andika barua ukitaja kipuri kwa kipuri ambacho hukubaliani na bei yake, ambatisha makadirio yako na maoni ya mthamini huru, na uombe ile sehemu wasiyoibishia walipe sasa bila kufunga dai. Kuna kampuni zinazokubali.

Kama wanasema gari limekufa kabisa, uliza mambo mawili: bei ya soko wameipata wapi, na mabaki wameyathamini shilingi ngapi. Ukitaka kubaki nayo, thamani yake inakatwa kwenye fidia yako, na kampuni zina tabia ya kuyapandisha bei pale mteja anapoyataka. Mlete mnunuzi wa mabaki atoe bei yake kwa maandishi. Ikizidi ya kampuni, chukua mabaki. Ikiwa chini, una karatasi ya kubishana nao.

Barua yako ikipita bila jibu la maana, peleka nakala ya faili lote TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hakikisha ina muhuri wa mapokezi wa kampuni wenye tarehe.